Imekutana

Kabla ya kukugusa mkono alikuuliza kama umekula. Hakuwa na habari za asubuhi wala karibu kiti. Ukitokea tu kwenye ujia ule mwembamba wenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, yeye tayari amesimama mlangoni, anakutazama tumboni badala ya usoni, na anauliza, "Umekula?" Ukisema ndiyo, anauliza nini. Ukisema hapana, anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Chumba chake cha kupimia damu kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, Kitale, hatua chache kutoka sokoni. Wengi walimwita daktari na kila mara aliwakosoa. "Daktari yuko hospitali. Mimi ni mtu wa leb." Basi sisi tuliomzoea tukamwita hivyo, Mtu wa Leb. Miaka ya baadaye alipohamia Bungoma, wateja wa huko walimwita Mtu wa Reb, naye akakubali kabisa. Alisema linasikika kama jina la mfalme mdogo wa Agano la Kale.

Mimi nilikuwa natengeneza mizani. Kazi hiyo haina duka, unaifuata mizani iliko. Wiki hii Kapsokwony, wiki ijayo Webuye, halafu Suam mpakani, ambako wauza maharagwe hugombania kila nusu kilo na mizani hulaumiwa kwa dhambi za watu. Nililala nilipochokea na nilikula nilipokumbuka. Wazazi wangu walikuwa wametoka Nyeri wakaja Trans-Nzoia, wakanunua shamba, wakalilima hadi wakazeeka. Walipofariki, ndugu zangu na mimi tukagawana. Sehemu yangu niliikodisha na sikurudi kuitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na tumbo la mzee. Kila jioni moto uliwaka chini ya kifua changu, na nilikuwa naunywesha maziwa kama mtoto mchanga.

Ndivyo nilivyofika kwake. Alinifunga mkono kwa kipande cha glavu kuukuu, akatoa damu, akadondosha tone kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki kinachotosha kukaa kiganjani. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona kwa mpimaji mwingine yeyote: alichukua kikombe cha bati chenye maua mekundu akakifunika kile kipimo. Mezani palikuwa na saa ya kuku, ile ambayo kuku anadonoa kila sekunde. Akaielekeza kwangu.

"Hesabu kuku," akasema.

"Mbona unafunika?"

"Ndio usisome."

"Mimi nimemaliza fomu foo. Najua kusoma."

"Ndio maana nimefunika, bana. Wale hawajui kusoma hawanisumbui."

Kuku alidonoa robo saa nzima. Alipofunua kikombe aliinama, akatazama, akaandika neno moja kwa herufi kubwa nzuri, mwandiko wa mtu aliyechapwa shuleni kwa ajili ya mwandiko. IMEKUTANA.

"Imekutana na nini?"

"Damu yako imekutana na mdudu wa tumbo. Ni mdudu mdogo sana, anakaa kwa ukuta ya tumbo ndani. Mimi huyo mdudu sijamwona. Nimeona tu damu yako inamjua."

"Kwa hivyo niko positive?"

Aliweka kalamu chini. Sikujua nimekosea wapi, lakini nilijua nimekosea.

"Hiyo neno," akasema polepole, "haiingii kwa hii chumba."

Akanieleza mengine kwa upole ambao sikuutarajia. Kwamba watu wengi sana huishi na mdudu huyu hadi uzeeni bila hata kujua yupo. Kwamba wengine huwapa vidonda, na wachache, wachache sana, huwaletea ugonjwa mbaya kuliko vidonda. Kwamba karatasi yake haikusema nina vidonda wala sina. Akanituma kwa daktari nikapewa dawa za aina tatu, siku kumi na nne. Moto ulizimika. Tangu hapo, kila nilipopita Kitale nilipitia kwake, hata kama sina la kufanya. Mtu anayezunguka huhitaji mahali pamoja ambapo akichelewa kufika ataulizwa.

Sikumwelewa haraka. Aliwakataza wote pilipili na chai ya rangi, na yeye mwenyewe alitafuna pilipili mbichi na kila kitu, hata na ndizi. Ukimnyooshea kidole alisema, "Mimi nimeshapima yangu. Wewe pima yako." Alikuwa na ulimi mkali kwa wenye suti na hakuwa nao kabisa kwa wanaolia. Alinawa mikono hadi viwikoni. Hakunywa maji ya nyumba ya mtu, alitembea na chupa yake aliyoyachemsha mwenyewe. Siku moja tulikuwa wote matangani huko mlimani, mama mwenye nyumba akamletea maziwa lala kwenye kibuyu, naye akauliza mbele ya wazee, "Kibuyu imeoshwa na maji gani?" Yule mama akageukia wenzake: "Huyu amekuja kulia ama amekuja kukagua?" Tulicheka wote isipokuwa yeye. Alingoja jibu.

Alikula peke yake, kwenye kopo la plastiki, mgongo ukiwa mlangoni. Jumapili duka la mifugo lilifungwa na hakukuwa na kazi, lakini nilimkuta mara mbili tatu ameketi kwenye benchi la wagonjwa pale ujiani, koti jeupe mwilini, kama mtu aliyekuja kupimwa na hakuna mpimaji. Nilimuuliza mara moja kama ana familia. Akasema, "Iko," kisha akaniuliza nimekula nini.

Lile neno lake lilimletea taabu. Clinical officer mmoja, tabibu wa kliniki huko Webuye, alimrudisha mama mgonjwa hadi Kitale, mwendo wote huo, na karatasi yake mkononi. Nilikuwepo. Mama aliketi akavua viatu, akasema, "Daktari ananiuliza, hii ni majibu ama ni barua ya mapenzi? Ati nani amekutana na nani?"

Nilidhani atakasirika. Akaichukua ile karatasi, akaongeza chini yake maelezo marefu ya Kiingereza, namba ya kipimo na aina yake, kila kitu isipokuwa lile neno alilolikataza chumbani mwake, akamrudishia. "Mwambie aliye na macho asome." Miezi iliyofuata niliitwa Webuye kutengeneza mizani ya watoto kwenye kliniki hiyohiyo, na nikamsikia yule yule clinical officer, nyuma ya pazia, akimwambia mtu, "Usiogope mzee, imekutana tu." Nilipompelekea Mtu wa Leb habari hiyo alitabasamu. Ni mojawapo ya mara chache.

Sababu ya yote aliniambia vipande vipande, kwa miaka. Nitaiweka pamoja hapa kwa sababu bila hiyo hutamjua.

Baba yake alikufa na tumbo. Alianza kwa kukataa ugali, akafuata uji, mwisho akakataa maji. Eldoret walimmezesha kamera wakasema ni saratani ya tumbo na wamechelewa. Mtu wa Leb alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mkulima wa vitunguu huko juu Kapsokwony. Baba alipozikwa, akaona mdogo wake naye ameanza kushikilia ngumi chini ya mbavu baada ya kula. Akamteremsha Kitale ampime. Wakati huo aliandika kama alivyofundishwa. Akaandika H.P., kifupi cha jina la yule mdudu, na mbele yake POSITIVE, akaacha karatasi mezani kwa sababu mwenye duka alimwita amsaidie kushika kamba ya ng'ombe aliyekuwa anachomwa sindano uani.

Miaka ile hakukuwa na ukuta wa zahanati usio na lile neno. Chifu alilisema barazani, kwaya zililiimba, watoto wa darasa la tatu walijua maana yake. Na kwa watu wetu kulikuwa na ugonjwa mmoja tu unaoanza na H na kuishia na neno hilo. Mdogo wake alikuwa ameishia darasa la sita. Alijua kusoma kiasi hicho hasa.

"Dakika tano," alikuwa akisema. "Dakika tano, Mizani." Mizani ndilo jina alilonipa. "Nilienda kushika kamba. Nikarudi kiti iko, kofia iko, mtu hayuko."

Karatasi ilikuwa imekwenda naye. Siku ya tatu watu wakasema ameonekana Suam akivuka upande wa pili na wenye magunia. Hakurudi kuchukua vitunguu vyake. Vilioza shambani.

Kwa hivyo kila aliyekuwa na safari ya Suam alipewa kazi na Mtu wa Leb, na mimi nilikuwa na safari nyingi kuliko wote. Alinieleza alama: anatumia mkono wa kushoto, na ukimuuliza swali hupiga mluzi mfupi kabla ya kujibu. Halafu akanikaririsha ujumbe, kama mtoto wa katekisimu, mambo matatu, na nilipokosea tulirudia mwanzo.

"Moja?"

"Ni tumbo, si ile ingine."

"Mbili?"

"Dawa ziko, siku kumi na nne, anapona."

"Tatu?"

"Kwa sababu ya Baba, aende Eldoret ameze kamera, hata kama hasikii uchungu."

"Hata kama hasikii uchungu," alirudia. "Hapo ndio watu husahau."

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Kupotea kwa ndugu aliweza kukuvumilia, nadhani. Alichoshindwa kuvumilia ni kwamba mahali fulani upande wa pili mtu anatembea na mdudu wa Baba tumboni, anangoja kufa kwa ugonjwa ambao hana, na haangalii ule ambao huenda unakuja. Kila niliporudi, baada ya kuniuliza kama nimekula, aliniuliza swali la pili.

"Mmekutana?"

"Bado."

Akaendelea na kazi.

Nami nilikuwa na ujinga wangu. Moto ulikuwa umezimika, lakini mtu anayelala vyumba vya kukodi peke yake huwa anajisikiliza sana. Kila tumbo liliponguruma nilikimbilia chumba cha kupimia kilicho karibu. Webuye nikapimwa damu: mdudu yupo. Nikanunua dawa. Bungoma nikapimwa: yupo. Dawa. Kapsokwony pia, na Suam. Nilidhani nina mdudu sugu kuliko wote wa magharibi. Siku niliyomwonyesha Mtu wa Leb zile karatasi tano, alizipanga mezani moja baada ya nyingine kama karata, akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Umekunywa dawa mara tano?"

"Si majibu ni yale yale?"

"Itakuwa yale yale hata ukifika miaka themanini, bana! Mdudu alikufa mara ya kwanza. Damu ndio haijasahau. Damu ikikutana na kitu inaweka." Akafuta macho. "Unatibu kumbukumbu, Mizani. Hiyo haina tembe."

Akaniandikia nikapimwe choo, kwa sababu choo, alisema, husema ya leo na damu husema ya zamani. Nikapimwa. Hakukuwa na kitu. Nimekuwa nikiyafikiria maneno yake kwenye vituo vingi vya barabarani, hasa ninapopita karibu na lile shamba nililokodisha na kugeuza shingo upande mwingine.

Baadaye mwenye duka akaleta mtu mwenye mashine ya kuchapisha majibu. Mashine haikujua kuandika imekutana. Mtu wa Leb akafunga kikombe chake na saa ya kuku kwenye gazeti, akahamia Bungoma, kwenye chumba kimoja karibu na reli. Kitale ilinibadilikia. Nilijikuta mara kadhaa nimesimama pale ujiani, ndani kuna kijana mpole anayesema habari za asubuhi, na ninaondoka bila kuingia.

Kisha, siku ya soko Suam, mtu aliniletea mizani ya ndoano iliyolegea springi. Alikuwa mnene, mwenye koti la mvua, nyuma yake mke na magunia manne ya maharagwe. Nikamuuliza ilianguka lini. Akapiga mluzi mfupi. Nikatazama mikono yake. Alikuwa anafunga fundo kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimelingoja jambo hilo miaka mingi kiasi kwamba nilisahau kumsalimu. "Ni tumbo," nikasema, "si ile ingine."

Hakupiga mluzi. Alimtuma mkewe akaangalie punda, kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Alikutuma."

"Dawa ziko. Siku kumi na nne. Na kwa sababu ya Baba..."

"Najua, fundi. Ile ya kwanza najua kitambo." Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. Alikaa upande ule mwaka mzima akingoja kufa, akalala kwa watu, akalima mashamba ya watu. Hakufa. Akaenda kupimwa, akaambiwa hana. Akaitoa ile karatasi ya Kitale, muuguzi akaisoma akacheka hadi akaketi. Akapewa dawa za tumbo, akanywa zote. "Hiyo yote imeisha zamani."

"Na kamera?"

"Kamera hapana."

"Sasa mbona hukurudi?"

Hapo akapiga mluzi, mrefu kuliko wa kwanza. "Wewe unamjua. Anakuangaliaje?" Akatazama magunia yake. "Tangu Baba akufe, huyo hajawahi kuniangalia uso. Ananiangalia tumbo. Nikikula anahesabu. Nikiacha anahesabu. Huku hakuna mtu anajua tumbo langu." Akasimama, akajipapasa vumbi. "Mwambie niko. Ama usimwambie. Mizani itakuwa tayari saa ngapi?"

Niliitengeneza vizuri kuliko mizani zote nilizowahi kutengeneza. Kisha nikakwepa Bungoma kwa miezi minne. Nilikuwa na sababu kila wiki. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwelewa yule mtu wa maharagwe haraka mno, na sikupenda jinsi nilivyomwelewa.

Nilipofika hatimaye ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha. Chumba kilikuwa kidogo kuliko cha Kitale. Kikombe kile kile, maua yamebanduka. Kuku alikuwa bado anadonoa. Yeye alikuwa amezeeka mabegani, koti jeupe limekuwa la mtu mwingine mkubwa zaidi. Alinitazama tumboni.

"Umekula?"

"Chapati na maharagwe."

"Mmekutana?"

Nilikuwa nimesema bado mara nyingi kiasi kwamba mdomo wangu ulianza kulitamka wenyewe. Nikaufunga. Nikasema, "Tumekutana."

Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Nilimweleza yote kwa mpangilio, mwaka wa kungoja, kupimwa, muuguzi aliyecheka, dawa zilizoisha. Alisikiliza kichwa kikiwa chini, akihesabu kwa vidole, moja, mbili, na kidole cha tatu kikabaki juu.

"Kamera?"

"Bado."

"Alijua kitambo," akasema. "Hata kabla ya hii yote." Mkono wake ulizunguka chumba, kikombe, saa, rundo la karatasi zenye neno lake. "Sasa kwa nini hakurudi?"

Ningeweza kusema sijui. "Alisema humwangalii uso," nikasema. "Alisema unamwangalia tumbo."

Kuku alidonoa muda mrefu. Treni ya mizigo ikapita relini, vioo vikatetemeka. Halafu Mtu wa Leb akainua kichwa akanitazama, usoni, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na niliona macho yake yalikuwa ya kahawia nyepesi, jambo ambalo sikuwa nalijua. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Alivuta karatasi ya majibu akaandika, si neno moja safari hii. Aliandika jina la mdogo wake, habari za Baba na ugonjwa wake, na ombi kwa daktari wa Eldoret amchunguze tumbo kwa kamera. Mwandiko ulikuwa ule ule. Akakunja mara mbili akanipa.

"Mpelekee hii. Mwambie ni ya daktari, si yangu."

"Nimwambie apitie hapa kwanza?"

Alikuwa amesimama tayari, ananawa mikono hadi viwikoni, mgongo ukiwa kwangu.

"Wewe ndiye unajua barabara, Mizani," akasema. "Mtu akitoka Suam kwenda Eldoret, hapiti Bungoma."